Bunduki Sebuleni: Ianikwe au Ifungiwe?

Mwalimu mmoja anayefundisha katika shule isiyo mbali na soko la Misikhu, kando ya barabara kuu itokayo Webuye kuelekea Kitale, ameniletea swali ambalo anasema liliwagawa wanafunzi wake wa Kidato cha Tatu pande mbili. Mtu aliye na idhini ya serikali ya kumiliki bunduki, na aliyejaliwa kuwa nazo mbili tatu, je, ana haki ya kuzitundika ukutani sebuleni ili wageni wazione, au anapaswa kuzifungia mahali ambapo hata wanawe hawawezi kuzifikia?

Upande wa kwanza ulishikilia kwamba mali ya mtu ni yake, na kwamba mwizi akiiona bunduki atasita. Upande wa pili ulijibu kwamba mwizi akiiona bunduki atarudi. Kisha kijana mmoja, ambaye hakuwa katika upande wowote, akasema kwamba kwao iko bunduki ya marehemu babu yake, imeviringishwa guniani na kuwekwa darini, wala haijaanikwa wala haijafungiwa. Darasa likacheka. Mwalimu anasema yeye hakucheka. Aliwapa upande wa pili ushindi kwa alama moja tu, na hadi leo hana hakika kama aliamua kwa haki.

Kwa maoni yangu aliamua kwa haki, ila alama moja ilikuwa chache mno. Na yule kijana wa bunduki ya darini nitamrudia, kwa kuwa yeye ndiye aliyesema jambo zito kuliko wote.

Huenda msomaji wa Nairobi au Mombasa akashangaa kuona wanafunzi wa Bungoma wakijadili jambo la namna hii, kana kwamba kila boma la huko lina ghala la silaha. La hasha! Wengi wetu tumezaliwa, tumekua na tutazeeka bila kuishika bunduki. Lakini nchi hii ianziayo kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ikapita mashamba ya mahindi ya Trans Nzoia hadi mpaka wa Pokot Magharibi, ina historia ndefu na bunduki, na ni vyema tuiulize historia hiyo kabla ya kwenda kuazima majibu ng'ambo.

Kutoka Misikhu hadi vilima vya Chetambe, juu ya mji wa Webuye, si safari ndefu. Hapo ndipo mwaka 1895 Wabukusu walipopigana na jeshi lililoletwa na C. W. Hobley, mwakilishi wa utawala wa Kiingereza aliyekuwa na makao Mumias. Katika somo la historia vita hivyo hufundishwa kama upinzani dhidi ya ukoloni, na kwa hakika ndivyo vilivyokuwa. Lakini cheche iliyouwasha moto ule ilikuwa bunduki. Baadhi ya askari wa Kisudani waliokuwa Mumias walitoroka na silaha zao, na silaha hizo zikaingia mikononi mwa wenyeji. Kikatumwa kikosi kwenda kuzidai, na waliotumwa wakauawa. Hobley akarudi na jeshi kubwa lililojumuisha wapiganaji kutoka Buganda. Ngome ya Lumboka ikaanguka, kisha ya Chetambe. Sisemi haya ili kupunguza sifa za mashujaa wale hata chembe. Nasema tu kwamba bunduki chache, zikijulikana kuwa ziko mahali fulani, zilitosha kuwaletea watu jeshi zima mlangoni.

Kisa cha pili kilitokea ng'ambo ya mpaka, lakini moshi wake ulitufikia. Mwezi Aprili 1979, utawala wa Idi Amin ulipoporomoka, askari waliokuwa katika kambi ya Moroto, kaskazini mashariki mwa Uganda, walikimbia wakaliacha ghala la silaha. Wakaramojong walijichukulia maelfu ya bunduki. Ng'ombe waliokuwa wakiibwa kwa mkuki na mshale wakaanza kuibwa kwa AK-47. Majirani wao Wapokot na Waturkana nao wakatafuta za kujihami. Na wakulima wa Kwanza na Endebess, ambao hawakuwa na ugomvi na mtu, wakajikuta wakiishi karibu na watu wenye silaha za kivita. Ghala la Moroto lilikuwa la serikali, lenye kuta imara na kufuli. Kilichokosekana siku ile ni mtu wa kusimama mlangoni. Anayedhani kwamba chuma peke yake kinalinda silaha na aikumbuke Moroto.

Kisha ukaja msiba wa Mlima Elgon, ambao walimu wa Bungoma na Trans Nzoia hawahitaji kusimuliwa, maana waliwapokea madarasani watoto waliokimbia bila daftari wala viatu. Ugomvi wa mashamba ya Chepyuk ulizaa kundi lililojiita Sabaot Land Defence Force, na kati ya mwaka 2006 na 2008 kundi hilo likaua, likakata watu masikio na likachoma nyumba. Mashirika ya haki za binadamu yalikadiria kuwa waliouawa walizidi 600, na makumi ya maelfu walihama makwao. Mwezi Machi 2008 serikali ilipeleka jeshi katika Operesheni Okoa Maisha, na mwezi Mei mwaka huo kiongozi wa kundi, Wycliffe Matakwei, akauawa. Jeshi nalo lilishutumiwa kwa kuwatesa wanaume kwa mamia, na machozi ya wajane wa mlimani hayajakauka.

Nauleta msiba huu hapa kwa sababu moja. Kundi lile halikuzitundika bunduki zake ukutani. Lilizificha msituni na kwenye maficho ya mlimani, na mwanakijiji hakujua ni nani kati ya jirani zake aliyekuwa nayo. Wanafunzi wa mwalimu wetu walijadili mambo mawili, kuanika na kufungia, na walio wengi hawakuliona la tatu ambalo ni kuficha. Kufungia na kuficha ni mambo mawili mbalimbali, ingawa kwa mtazamaji wa mbali yanafanana. Afungiaye ni mtu anayejulikana: bunduki yake ina nambari, nambari iko katika daftari la serikali, cheti kina jina lake, na ufunguo wa kabati uko mkononi mwake. Afichaye hataki hata moja kati ya hayo. Bunduki ya darini kwa yule kijana imefichwa, haikufungiwa. Ndiyo maana naona darasa lilikosea kucheka.

Nisije nikaonekana kuwa nawabeza wapendao kuanika. Fahari ya silaha ni ya kale, na si ya Wazungu peke yao. Huko Oman wanaume wazima hucheza ngoma harusini wakiwa na panga, majambia na bunduki kuukuu, na hakuna awaogopaye. Walowezi wa Kitale nao walipenda kutundika bunduki za kuwindia juu ya meko, ubavuni mwa pembe za nyati, ili mgeni anywe chai yake huku akisimuliwa jinsi nyati yule alivyoanguka. Wenye asili ya maboma hayo wanazijua picha hizo, na baadhi ya wana wetu walionunua mashamba baada ya Uhuru walirithi desturi pamoja na nyumba. Lakini mwaka 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji. Tangu siku hiyo bunduki ya kuwindia nyati imekuwa kumbukumbu. Kumbukumbu haihitaji risasi wala haihitaji mtambo unaofanya kazi, na mwenye kuipenda kwa sababu ya kumbukumbu hapotezi chochote akiondolewa uwezo wa kuua.

Turejee kwenye hoja ya mwizi, maana ndiyo iliyowapa upande wa kwanza makofi. Wanasema mwizi ataiona bunduki na kuogopa. Hebu tuifuate hoja hii hadi saa nane za usiku. Mwenye nyumba yuko chumbani amelala. Bunduki yake iko sebuleni, imetundikwa kwa misumari miwili. Mlango unavunjwa. Kati ya mwenye nyumba na mwizi, ni nani aliye karibu na bunduki? Silaha iliyo ukutani haimtishi mtu yeyote isipokuwa mgeni mwema aliyekuja mchana. Mwizi huitazama kama mtu anavyotazama bidhaa dukani, na bidhaa yenyewe ina soko, kwa kuwa bunduki moja ya kuibwa Kitale yaweza kutumiwa Eldoret wiki ijayo na kukodishwa Nairobi mwezi ujao.

Tena sebule zetu si kama za riwaya za Kiingereza, ambamo mgeni hupiga hodi akasubiri kukaribishwa. Sebule ya Misikhu ni ya umma. Matanga hufanyikia hapo, na vikao vya mahari na vya chama cha akina mama pia. Ukifika mwezi Agosti wa mwaka wa tohara, yaani kila mwaka unaogawika kwa mbili, boma la Mbukusu hujaa watu usiku na mchana, wa ukoo na wasio wa ukoo, busaa inanyweka, na mwenye nyumba mwenyewe hajui ni nani aliyeingia wala aliyetoka. Katika msongamano huo, ni nani atakayeketi chini ya ukuta kuzilinda bunduki mbili tatu? Wala hatujamtaja kijana wa kazi, fundi wa umeme aliyekuja siku moja tu, na mpwa aliyefukuzwa shule kwa utovu wa nidhamu.

Watoto nao wana sura yao. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, na walikuwa na maana yao: kidole kikikatwa kitapona, na somo litabaki. Methali hiyo haikutungwa kwa ajili ya bunduki. Utafiti uliofanywa Marekani, nchi yenye bunduki nyingi majumbani kuliko nchi nyingine yoyote, umeonyesha kwamba watoto wengi hujua bunduki ya baba ilipo, huku wazazi wakiapa kwamba hawajui. Nadhani mwalimu yeyote aliyewahi kuficha mtihani katika kabati la ofisi ataamini utafiti huo bila kuusoma.

Na tukiwa Marekani, liko tukio ambalo ningependa walimu walifahamu kwa undani. Tarehe 30 Novemba 2021, katika mji mdogo wa Oxford, jimbo la Michigan, mwanafunzi wa miaka 15 aliwaua wenzake wanne shuleni na kuwajeruhi wengine. Bastola aliyoitumia ilikuwa imenunuliwa na baba yake siku chache kabla ya hapo, na nyumbani haikuwa imefungiwa kama ilivyostahili. Asubuhi ya siku ile ile walimu walikuwa wamewaita wazazi kwa sababu ya michoro ya kutisha aliyoichora mtoto juu ya karatasi ya hesabu. Wazazi wakakataa kumchukua nyumbani, na mkoba wake haukupekuliwa. Mwaka 2024 baba na mama, kila mmoja katika kesi yake, walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, wakahukumiwa kifungo cha kati ya miaka 10 na 15. Mwaka huo huo ilianza kutumika katika jimbo hilo sheria inayomlazimu mwenye bunduki kuifungia ikiwa watoto waweza kuifikia. Kwa miaka mingi Wamarekani walikuwa wakiuliza ni nani aliyefyatua. Katika mahakama ya Michigan waliuliza pia ni nani aliyeiacha wazi.

Hata hivyo, haki inanilazimu nikiri kwamba kufuli lina mipaka yake. Tarehe 13 Machi 1996, katika shule ya msingi ya Dunblane huko Scotland, mtu mmoja aliwaua watoto 16 na mwalimu wao. Bastola zake zilikuwa halali, na cheti alikuwa nacho. Kabati la chuma lisingefaa kitu, kwani aliyekuwa na ufunguo ndiye aliyekuwa muuaji. Uingereza ikajibu mwaka 1997 kwa kuwapiga raia marufuku kumiliki bastola. Waswisi, ambao kwa desturi askari wao wa akiba hukaa na bunduki za jeshi nyumbani, walichagua njia nyingine: tangu mwaka 2007 risasi za jeshi walizokuwa wakikaa nazo zilianza kukusanywa na kurudishwa ghalani, na mwaka 2011 wananchi walipoulizwa kwa kura kama bunduki zenyewe nazo ziondolewe majumbani, walio wengi walikataa. Kila taifa hupima hofu yake kwa mizani yake. Lakini katika mataifa hayo yote hakuna lililokaa likaamua kwamba dawa ni kuziweka mahali zinapoonekana zaidi.

Sisi je? Kenya ina Sheria ya Bunduki, Sura ya 114 ya sheria zetu, na sheria hiyo si ya jana. Raia haruhusiwi kuwa na silaha za kivita kama AK-47. Aliyepewa cheti anatakiwa kuihifadhi silaha yake kwa usalama, achukue tahadhari isipotee wala isiibwe, na isifikiwe na mtu asiyeruhusiwa kuwa nayo. Mwalimu akiyaandika maneno hayo ubaoni, mdahalo wa wanafunzi wake umekwisha. Bunduki iliyo ukutani sebuleni inafikiwa na kila apitaye mlangoni, pamoja na mtoto aliyepanda kiti. Mwishoni mwa mwaka 2018 serikali iliamuru wamiliki wote wapigwe msasa upya, na ilikuwa hatua njema. Ila msasa uliofanywa mjini, juu ya meza yenye karatasi, unamchunguza mtu, hauichunguzi nyumba. Ningependa kumwona afisa akifunga safari hadi shambani, akalitazama kabati, akajaribu kulitikisa kama limefungwa ukutani kwa skrubu au limesimama tu kama friji, akauliza risasi ziko wapi na ufunguo wa pili uko kwa nani.

Na serikali inapomkagua raia, haina budi kujitazama yenyewe. Kwa miaka mingi askari wa akiba katika sehemu za Pokot Magharibi, Trans Nzoia na Mlima Elgon walipewa bunduki bila mshahara na bila kabati. Mtu alilala na silaha ya umma chini ya kitanda, katika nyumba ya udongo yenye mlango wa mbao. Mwaka 2019 serikali iliwapokonya wengi wao silaha kwa madai kwamba baadhi zilitumiwa vibaya, kisha ikawa inaajiri wengine kwa utaratibu mpya. Sina ubishi na utaratibu mpya. Nauliza tu kama safari hii kila bunduki imekuja na sanduku lake.

Kuna mahali pamoja ambapo bunduki yafaa kuanikwa, nako ni makumbusho. Watu wa Kitale hawana haja ya kufunzwa hili, kwani makumbusho yao yalianza kama mkusanyiko wa mtu mmoja nyumbani. Mlowezi aitwaye Hugh Stoneham, mwanajeshi aliyependa viumbe, alikusanya wadudu, ndege na vyombo vya wenyeji kwa miongo mingi, na mwaka 1926 akaanzisha makumbusho yake binafsi. Alipofariki mwaka 1966 aliliachia taifa mkusanyiko huo, na mwaka 1974 ukafunguliwa kwa umma katika jengo jipya mjini Kitale. Leo mtoto wa Misikhu hulipia kiingilio akaona kipepeo aliyekamatwa kabla babu yake hajazaliwa. Yuko nyuma ya kioo, ana maelezo yake, na kuna mtu wa kuulizwa akipotea.

Mwezi Novemba 2016 serikali iliziteketeza huko Ngong bunduki haramu zaidi ya 5,000, na mwezi Juni 2021 ikateketeza nyingine zaidi ya 5,000. Moto huo niliufurahia, japo kwa kinyongo kidogo. Laiti moja tu kati ya zile zilizotoka Mlima Elgon ingalizibwa mtutu, ikang'olewa mtambo, ikawekwa Kitale nyuma ya kioo pamoja na habari za Chepyuk, walimu wa historia wangekuwa na kitu cha kuwaonyesha wanafunzi ambao mwaka 2008 walikuwa hawajazaliwa.

Sasa nije kwa kijana wa bunduki ya darini. Mwalimu ananiuliza afanye nini, kwani tangu siku ile kijana huyo hazungumzi sana. Cheti cha bunduki ni cha mtu, hakirithiwi kama shamba au ng'ombe. Kama marehemu babu alikuwa nacho, kilikoma siku alipofariki, na kama hakuwa nacho, familia inakaa na kosa juu ya vichwa vyao kila usiku. Mwalimu asiende kuitazama. Kijana naye asije akaishusha ili kuwahakikishia wenzake kwamba hakusema uongo, na kamwe asiibebe ndani ya matatu kuipeleka kituoni, hata kama nia yake ni safi kama maji ya mlimani, kwa sababu polisi wa kizuizini hawezi kuisoma nia iliyo ndani ya gunia. Mzee wa nyumba ndiye wa kusema. Aende kwa chifu, au kituo cha polisi cha Webuye, mikono mitupu, akiandamana na mtu wa kanisa au wakili ikiwa anaogopa, aeleze ilivyo na aombe maafisa waje kuichukua wenyewe. Wakenya wamewahi kupewa muda wa kusalimisha silaha bila kushtakiwa, na mtu anayejileta kabla ya kutafutwa ana la kujitetea mbele ya hakimu yeyote. Mwalimu, kama mzee huyo ni wa kuelewa, mwendee kabla ya shule kufungwa, maana likizo ni ndefu na dari la nyumba ya kijijini halina mlango wa kufunga.